Mfuniko wa Lori na Jerikeni ya Nyuma ya Nyumba



Mama mmoja wa Migori, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea swali tusilolitarajia katika safu hii ya nyumba na malezi. Malori ya mafuta hupita mbele ya mlango wake kutwa, yakielekea Isebania. Auliza: tanki lile ni la chuma, na juu limefungwa mifuniko, mbona likianguka mafuta hutoka kama maji ya mtungi uliopasuka, na je, hakuna kitu cha kuyaziba? Kisha akaongeza neno lililotugusa zaidi: vijana wa mtaa wake, na mwanawe akiwamo, wameweka jerikeni tayari nyuma ya nyumba, wakingoja siku hiyo.

Tumeona swali hili lina manufaa kwa kila nyumba iliyo kando ya barabara, tangu Mariakani hadi Oyugis, Rongo na Awendo.

Mafuta yenyewe twayajua sisi wa pwani kabla ya wenzetu. Hushushwa melini Kipevu, Mombasa, yakasukumwa kwa bomba hadi Nairobi, na tangu 1994 bomba hilo lafika Eldoret na Kisumu. Kutoka bohari za bara, malori ndiyo huyabeba hadi vituo vya Homa Bay na Migori.

Tanki la lori hugawanywa vyumba kadhaa, na kila chumba kina mfuniko wake juu, wenye upana wa karibu nusu mita. Chini ya mfuniko hukaa gasketi, yaani pete ya mpira usioliwa na mafuta. Kando yake huwa na vali ndogo ya kupumulia, kwa kuwa mafuta hupanuka kwa joto la mchana na hunywea kwa baridi ya usiku, na tanki lisilopumua huharibika. Lori likiwa wima, mafuta hayaulemei mfuniko; kazi yake ni kuzuia mvuke na michirizo. Likilala ubavu, mambo hugeuka. Petroli yenye kina cha mita moja juu ya mfuniko wa sentimita 50 huusukuma kwa uzito wa karibu kilo 145. Gasketi iliyokauka, komeo lililolegea au vali iliyojaa mchanga haiwezi kuustahimili uzito huo.

Wazee wetu waliijua hekima hii katika majahazi. Fundi hakungoja bahari ichafuke ndipo akalafati. Aliingiza pamba yenye mafuta katika maungio ya mbao chombo kikiwa pwani. Vivyo hivyo, mahali pa kuuziba mfuniko ni karakana, kabla ya safari. Mwenye lori anayeahirisha kubadili gasketi ameiweka rehani roho ya dereva wake, na roho za watu asiowajua.

Je, likishaanguka, lazibika? Lazibika, kwa wenye mafunzo. Wazimamoto walioandaliwa huwa na kibano cha chuma kinachopita juu ya mfuniko mithili ya daraja. Miguu yake hushika ukingo, na skrubu ya katikati ikikazwa hukandamiza mfuniko mpaka gasketi ishike. Kwa tundu dogo wana kabari za mbao laini. Kwa ufa wana mto wa mpira, hufungwa kwa mikanda kuzunguka tanki kisha ukajazwa upepo. Zana zao huwa za shaba au mpira, zisitoe cheche. Hutandaza povu juu ya mafuta yaliyomwagika, na yaliyobakia huyahamishia lori jingine baada ya kuyaunganisha matangi yote mawili na ardhi kwa waya. Hiyo si kazi ya kijana mwenye kopo.

Adui mkubwa haonekani kwa macho. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la ziwani. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa mtaroni, huingia bondeni, hufika kwenye jiko la makaa au injini ya bodaboda, kisha moto hurudi nao mbio hadi kwenye tanki.

Tarehe zatosha kutufunza. Tarehe 31 Januari 2009, Sachang'wan karibu na Molo, waliangamia watu zaidi ya 100. Tarehe 2 Julai 2010, Sange huko Kongo, zaidi ya 200. Tarehe 10 Agosti 2019, Morogoro, zaidi ya 100. Julai 2021, Malanga katika Kaunti ya Siaya, iliyo ng'ambo ya ghuba kutoka Homa Bay, watu 13. Wengi wao hawakuwa wakisafiri katika malori hayo. Waliyaendea yakiwa yamekwisha kuanguka. Na huko Sange moto uliwafika hata waliokuwa wamekaa vibandani wakitazama Kombe la Dunia.

Hatusemi haya kwa kuwadharau walioomboleza. Twajua lita 20 za petroli ni kibarua cha siku kadhaa, na twajua njaa haina mwalimu. Lakini mafuta yaliyomwagika hayajaacha kuwa mali ya mwenyewe. Na hata yangekuwa halali, hakuna mama anayeweza kumkomboa mwanawe kwa jerikeni moja.

Kwa hiyo twawausia. Lori likianguka karibu nanyi, zimeni majiko na taa za moto, msiwashe pikipiki wala gari. Watoeni watoto na wazee, mwende upande utokako upepo, mahali pa juu, angalau mita 300. Likiwa linawaka, mita 800. Msiende kutazama, wala msipige picha. Pigeni 999 au 112 mkiwa mbali. Nanyi maimamu na walimu wa madrasa, tangu Kendu Bay hadi Migori, lisemeni jambo hili kabla ya msiba, maana siku ya msiba hakuna anayesikiliza.

Kwa wakuu wa kaunti mbili hizi, ombi letu ni fupi: vikosi vya zimamoto vilivyo kwenye njia hii viwe na vibano, kabari, povu, na watu waliofundishwa kuvitumia.

Nawe mama wa Migori, jibu la swali lako la pili limo mikononi mwako. Itwae jerikeni ile leo, mbele ya macho ya mwanao, uioshe, uijaze maji ya kunywa. Kisha mketishe, umweleze kisa cha Malanga kwa upole. Mfuniko wa lori huwezi kuukaza wewe. Mlango wa nyumba yako waweza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu wa bara na wa pwani. Amin.