Mlo haubadilishwi kwa kiapo cha Jumatatu

Wiki hii tuongelee tumbo, maana mjini hapa kila mtu analo lake na linamsumbua kivyake.

Kuna ndugu zetu fulani, bila shaka unawafahamu. Jumapili usiku mtu kashiba pilau, anaapa: "Kuanzia kesho sukari basi, chipsi basi, soda basi!" Jumatatu anashinda na parachichi na maji. Jumanne kichwa kinamgonga. Jumatano kagombana na ofisi nzima. Alhamisi jioni unamkuta kwa muuza chipsi, kajibanza kwenye kona, sahani ya zege mbele yake, pilipili inamtoa jasho. Ukimuuliza anakujibu kwamba mambo ya dayati ni ya Wazungu.

Si ya Wazungu, kaka. Tatizo ni kutaka kubomoa nyumba nzima kwa siku moja. Ulimi uliolelewa na sukari miaka ishirini hauwezi kuisahau kwa usiku mmoja. Lakini ukienda nao taratibu, unakubali wenyewe.

Anza na chai. Tuseme unakunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Wiki hii punguza nusu kijiko tu. Baada ya wiki mbili, punguza nusu nyingine. Ukienda hivyo, miezi miwili haiishi umefika kijiko kimoja, tena bila kununa. Sasa piga hesabu: umeacha vijiko sita kwa siku. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4 za sukari, kwa hiyo kwa mwaka umeacha karibu kilo 9. Kilo 9, dada! Hata mfuko unashukuru. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tunaongeza kwamba haba na haba pia humaliza kibaba.

Ukishamaliza chai, nenda kwenye soda. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina sukari ya kama vijiko tisa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongeza isizidi kama vijiko 12 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iishie sita. Kwa hiyo soda moja tu imeshakupitisha hapo kwenye sita. Kama unakunywa kila siku, kunywa siku moja, ruka siku moja. Baadaye iwe ya wikiendi.

Kwa mama ntilie nako usibadili kijiwe. Mwambie tu: "Mama, leo punguza wali, niongezee mchicha." Wataalamu wanataka tule angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi vya chipsi havihesabiwi humo, usijidanganye. Na kile kichupa cha chumvi mezani, kisogeze kwa jirani. Chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai. Wiki za kwanza chakula kitaonekana kimepooza, kisha ulimi unazoea.

Mwisho njoo kwenye ugali. Sembe imekobolewa, ikaacha nyuma kiini na pumba, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi na vitamini nyingi. Lakini usirukie dona tupu na maharage siku moja, tumbo litajaa gesi na chumba kizima kitajua. Changanya kikombe kimoja cha dona na vitatu vya sembe, halafu ongeza polepole. Mahindi yawe makavu, yasiwe na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

Utasema: mimi kijana, haraka ya nini? Haraka ni hii: presha haipigi hodi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka hajui, anacheza mpira, anacheza muziki, mpaka siku inampiga kiharusi akiwa bado analea watoto wadogo. Kisukari nacho ni vivyo hivyo, kinaingia kimyakimya. Kwa hiyo nenda kapime. Na wewe ambaye tayari unameza dawa za sukari au presha, usianze kupunguza chakula kwa kusoma gazeti. Ongea kwanza na daktari wako, maana huenda dawa nazo zikahitaji kurekebishwa.

Na ukiteleza siku moja harusini, ukala sahani mbili, usiseme yote yameharibika. Kesho yake rudi kwenye kijiko chako kimoja, maisha yaendelee.

Haya, chai ya kesho asubuhi toa nusu kijiko. Wakikucheka kijiweni, waache wacheke. Tukutane wiki ijayo, inshallah.