Majarida ya Sauti na Mabaraza ya Intaneti: Nani Atatunza Msamiati?

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Sijapata methali inayowafaa zaidi watu wanaobishana kuhusu majarida ya sauti na mabaraza ya intaneti. Wenye majarida husema kwamba mitandaoni kumejaa makelele ya watu wasio na ujuzi. Wenye mabaraza nao hudai kwamba majarida yalikwisha kununuliwa na watangazaji wa biashara kitambo. Nami katika makala haya nitavuta kidogo, ila kwa upande ambao wabishi hao aghalabu huupuuza, yaani upande wa lugha.

Wapenzi wa sauti ninaowazungumzia ni watu ambao hununua, na wengine huunda kwa mikono yao, amplifaya na spika ili muziki usikike nyumbani kama ulivyopigwa. Uraibu huu ulilelewa na majarida. Gramophone, lililoasisiwa Uingereza mwaka 1923 na mwandishi wa riwaya Compton Mackenzie, liliwafundisha wasomaji kuihakiki santuri kama wanavyohakiki kitabu. Wireless World, nalo la Uingereza, lilichapisha mwaka 1947 mchoro wa amplifaya ya D. T. N. Williamson, iliyotoa wati 15 huku upotoshaji wa sauti ukiwa chini ya asilimia 0.1. Msomaji alipewa saketi na vipimo vya transfoma, kisha akaachiwa ajiundie mwenyewe. Hadi leo wapo wanaoiunda kwa kufuata kurasa zizo hizo.

Lakini mtu ninayetaka tumwangalie kwa makini ni J. Gordon Holt. Huyu alikuwa mhariri wa ufundi katika jarida la High Fidelity nchini Marekani. Alichoshwa na jinsi watangazaji wa bidhaa walivyoogopwa, akajitenga na kuanzisha Stereophile mwaka 1962. Alitaka kifaa kihukumiwe kwa kusikilizwa, si kwa vipimo vya maabara peke yake. Hapo ndipo shida ya lugha ilipozuka. Ukisema kwamba sauti ya spika hii ni nzuri, umesema nini hasa? Ilibidi msamiati utungwe: sauti yenye punjepunje, mithili ya mchanga, sauti yenye pazia, kana kwamba kitambaa kimetundikwa mbele ya mwimbaji, sauti angavu, sauti yenye hewa. Mwaka 1993 jarida hilo likachapisha faharasa ya Holt, kila istilahi na fasili yake. Mwanafunzi wa leksikografia akiisoma atatambua mara moja kwamba mtu huyu ni wa ukoo wake.

Je, majarida yalibaki na uaminifu ule? La hasha. Mfano ulio bayana ni MQA, mfumo wa kufunga sauti ya dijitali uliozinduliwa Desemba 2014. Mhariri wa Stereophile wa wakati huo aliandika kwamba alihisi ameshuhudia kuzaliwa kwa ulimwengu mpya, na majarida mengine yakaitikia wimbo. Waliouliza maswali magumu walikuwa watu wa kawaida mitandaoni. Mwaka 2017 mmoja wao alisambaza rekodi kwa wasikilizaji bila kuwaambia ipi ilikuwa ya MQA, na hapakuonekana upendeleo wowote wa wazi. Mwaka 2021 mwingine alipakia ishara za majaribio katika huduma ya Tidal, akaonyesha kwamba kilichotoka hakikulingana na kilichoingia, kinyume na matangazo. Aprili 2023 kampuni ya MQA iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na mwaka 2024 Tidal ikaachana na mfumo huo. Katika suala la kutoa hukumu, basi, mabaraza yameshinda, tena kwa haki. Baraza la Hydrogenaudio, lililoanzishwa mwaka 2001, humtaka kila anayedai kusikia tofauti baina ya sauti mbili athibitishe kwa kuzisikiliza bila kujua ipi ni ipi. Holt mwenyewe, mwaka 2007, aliliambia jarida alilolizaa kwamba uraibu huu ulikuwa ukijiua kwa kuyakwepa majaribio ya namna hiyo. Alikuwa mzee jasiri.

Hata hivyo, hukumu si kazi pekee ya jarida, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoshangilia kufa kwa majarida. Mwaka 2017 kampuni ya Photobucket, iliyohifadhi picha za wanabaraza wengi, ilianza kudai dola 399 kwa mwaka kwa yeyote aliyetaka picha zake zionekane katika tovuti nyingine. Maelezo ya watu walioonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kuunda amplifaya yakabaki maneno matupu, na palipokuwa na mchoro pakawa na tangazo la kudai malipo. Kati ya mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020, yaliyoandikwa katika vikundi vya Yahoo kwa takribani miaka ishirini yakafutwa. Majarida nayo hufa: High Fidelity lilikoma mwaka 1989, na Audio mwaka 2000. Ila matoleo yao yangalipo. Na hapa pana kinaya, kwani walioyapiga picha matoleo hayo na kuyaweka intaneti yasomwe bure ni wapenzi wa sauti wenyewe!

Fauka ya hayo, barazani istilahi moja hutumiwa na watu arubaini kwa maana arubaini, na hakuna aliyepewa kazi ya kuwasimamisha na kuuliza wana maana gani. Jaridani yupo mhariri, na akikosea, kosa lake limechapishwa na jina lake liko pale pale.

Haya yanatuhusu vipi sisi wa Kiswahili? Sijawahi kushika jarida la sauti lililoandikwa kwa lugha hii. Tumeruka kutoka kwa fundi wa redio hadi kwenye vikundi vya rununu, ambamo neno huzaliwa asubuhi na kuzikwa jioni chini ya ujumbe mia mbili. Majina ya vifaa hayanitii wasiwasi. "Sabufa" limeota mizizi bila kusubiri kamati yoyote, na lisingeng'olewa hata tungetaka. Ninachohofia ni maneno ya kuieleza sauti yenyewe.

Wakati mmoja nilimpelekea fundi amplifaya yangu kuukuu, nikamweleza kwamba ina kelele.

"Kijana, inakoroma au inavuma?" akauliza.

Nikamjibu, "Sijui, mzee. Kelele tu."

Akaiwasha, akatega sikio kwa muda mfupi. "Haikoromi hii. Inavuma. Kapasita zimechoka." Kisha akanieleza, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba spika iliyopasuka karatasi ndiyo hukoroma, na hukoroma muziki unapopigwa, mvumo hutoka kwenye umeme, nao husikika hata muziki ukizimwa.

Mimi, mwanafunzi wa isimu, nilikuwa nimesimama pale na neno moja, "kelele", mbele ya mtu mwenye mawili yaliyopambanuliwa barabara. Kamusi niliyorejea nayo bwenini ina "koroma" ya mtu aliyelala na "vuma" ya upepo na ngoma. Maana za fundi hazimo. Wala hakuna kikundi cha rununu kitakachoziandika, kwa kuwa huko tatizo likishatatuliwa mazungumzo huisha.

Luthuli Avenue, Nairobi, haikosi maduka ya vifaa vya umeme na mafundi wa kuvitengeneza. Napendekeza wanachama wachache wa chama chetu waketi na mafundi hao wakiwa na kalamu, wawaulize sauti mbovu ina majina mangapi na nzuri ina mangapi, kisha jarida hili litenge kurasa mbili za faharasa katika toleo lijalo. Wanaotaka kubishana kuhusu fasili hizo barazani wabishane baada ya kuchapishwa.