Kiira, Tesla na Pikipiki ya Jirani Yangu: Tashwishi Gani ni ya Haki?

Nilikuwa kimya kwa muda kwa sababu ya kazi, lakini wiki hii kuna jambo limenikaa kichwani na nisipoliandika halitatoka.

Jumamosi iliyopita, siku ya soko hapa Taveta, jirani yangu anayeendesha boda boda alinisimamisha karibu na stendi. "Injinia," akaniambia (huniita hivyo ingawa kazi yangu ni kuandika programu tu), "nimeshauriwa niuze hii ya petroli nichukue ya umeme kwa mkopo. Wewe waonaje?" Kabla sijafungua mdomo, wenzake wakadakia. "Umeme? Waganda walituonyesha gari la umeme 2011. Umewahi kuliona moja likipita hapa?" Kicheko kikawa kikubwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi nilirudi nyumbani nikiwa sina raha. Wale vijana walikuwa na haki ya kutilia shaka, ila waliuliza swali lisilofaa. Na jirani yangu bado anataka jibu, maana ile pikipiki ndiyo karo ya watoto wake.

Tuanze na hao Waganda. Kiira Motors si hadithi ya kutunga. Ilizaliwa Chuo Kikuu cha Makerere, na Novemba 2011 wanafunzi na walimu wao, wakiongozwa na Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, waliendesha hadharani Kiira EV, gari dogo la watu wawili. Mwaka 2014 ikaja Kiira EV SMACK, ambayo inachanganya umeme na petroli. Februari 2016 Rais Museveni akazindua Kayoola, basi la viti 35 lenye paneli za sola juu ya paa. Leo kampuni inamilikiwa na serikali ya Uganda kwa asilimia 96 na Makerere asilimia 4, na kiongozi wake ni Paul Isaac Musasizi, ambaye amekuwa katika mradi huu tangu enzi za chuoni.

Mashaka yanatoka wapi basi? Yanatoka kwenye kalenda. Mwanzoni ilisemwa magari yangeanza kuuzwa 2018. Mwaka huo ulipofika, baraza la mawaziri ndiyo kwanza lilikuwa linaidhinisha fedha za kuanzia, shilingi za Uganda bilioni 143.7. Ujenzi wa kiwanda kule Jinja, cha kuunda magari 5,000 kwa mwaka, ulianza 2019. Raia anayelipa kodi na ambaye zahanati ya kijiji chake haina dawa akihesabu miaka hiyo, ana kila sababu ya kuuliza pesa zake zilikwenda wapi. Kumwambia kwamba si mzalendo ni kumtukana.

Lakini tuwe waangalifu. Kuna mashaka ya aina tatu, na watu huyachanganya kama mchele na choroko.

La kwanza ni shaka juu ya teknolojia. Hili linapimika kwa hesabu. Kayoola ya 2016 ilitangazwa kwenda kilomita 80 kwa chaji moja. Toka Voi hadi hapa Taveta ni zaidi ya kilomita 110. Basi lile lingewaacha abiria katikati ya mbuga ya Tsavo Magharibi wakisalimiana na ndovu. Na zile paneli za juu? Chukua paa la mita za mraba 20, ulijaze paneli zote, upate kama kilowati 4 jua likiwa kali. Kwa saa 5 za jua zuri ni yuniti 20 za umeme. Basi la kawaida la umeme hula takriban yuniti moja kwa kilomita. Kwa hiyo jua la siku nzima linakupa kilomita 20 hivi, basi, na hapo nimekadiria kwa ukarimu. Sola ilikuwa msaada kwa betri, haikuwa injini. Magazeti yaliyoandika "basi linaloendeshwa na jua" ndiyo yaliyowaponza wale wahandisi, kwa sababu yaliahidi kitu ambacho fizikia haikuwa imekubali.

Sasa tazama toleo lililofuata, Kayoola EVS: kilomita 300 kwa chaji. Hata ukikata sehemu kidogo kwa ajili ya milima na joto, Voi kwenda Taveta na kurudi inawezekana. Kwa hiyo anayesema "gari la umeme haliwezi" anarudia jibu la 2016 kwa swali la leo.

La pili ni shaka juu ya uongozi na pesa. Hili ndilo zito, na halijibiwi kwa kuonyesha basi zuri kwenye picha. Mabasi mangapi yameuzwa kwa mteja ambaye si serikali? Yametembea kilomita ngapi? Betri zimebaki na nguvu kiasi gani baada ya miaka 3? Sisi waandishi wa programu tunajua tofauti ya onyesho na bidhaa. Onyesho linaendeshwa na aliyelitengeneza, siku aliyoichagua, kwenye barabara aliyoichagua. Bidhaa inaendeshwa na mtu asiyekujua, siku ya mvua, akiwa na haraka. Sisi Wakenya tulijifunza hili mapema. Mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer lilizinduliwa pale Kasarani kwa shangwe, na magari yale ya mfano hayakuwahi kuingia sokoni. Waliolitengeneza walikuwa na uwezo. Kilichokosekana ni fedha na mpango wa kutoka kwenye mfano kwenda kiwandani.

Mtu huniambia, "Lakini hata Tesla ilichekwa." Kweli kabisa. Kati ya Agosti 2007 na Oktoba 2008 Tesla ilipitia wakurugenzi wakuu wanne: Martin Eberhard akaondoka, Michael Marks akashikilia kwa muda, Ze'ev Drori akaja, kisha Elon Musk akachukua usukani mwenyewe. Tovuti moja ya magari iliandika makala baada ya makala ya kungojea kifo cha kampuni hiyo. Mwisho wa 2008 pesa zilibaki za wiki chache tu. Ikaokoka. Daimler ikaweka dola milioni 50 mwaka 2009, serikali ya Marekani ikaikopesha dola milioni 465 mwaka 2010, na mkopo ukalipwa wote 2013.

Ila usiniletee Tesla kama ushahidi, maana aliyezama haandiki kitabu. Henrik Fisker naye alikuwa na gari zuri na mkopo wa serikali hiyo hiyo. Kampuni yake ya kwanza ikafilisika 2013, na ya pili ikafilisika Juni 2024. Better Place ya Israeli ilikusanya zaidi ya dola milioni 800 ili watu wabadilishe betri vituoni badala ya kusubiri chaji. Ikafa Mei 2013. Hapa Kenya, Mobius ilituahidi gari la bei nafuu la barabara mbovu (la petroli hilo), na Agosti 2024 ikatangaza kufunga kabla ya mnunuzi kutoka nje kujitokeza. Soko lililojaa mitumba ya Japani halina huruma. Kuchekwa si dalili kwamba utashinda. Wanaoshinda huchekwa, na wanaoshindwa huchekwa pia.

Shaka la tatu ndilo sijalisikia stendi hata siku moja, na ndilo linalonihusu mimi kikazi: kampuni ikifa, chombo changu kitafanya nini?

Pikipiki ya petroli ikitengenezwa na kampuni iliyokufa, fundi wa hapa Taveta ataitafutia kipuri, na akikosa atakichonga. Chombo cha umeme ni tofauti. Ndani yake kuna programu, na mara nyingi programu hiyo inazungumza na seva iliyo mbali. Fisker ilipofilisika 2024, kampuni moja ya kukodisha magari kule Marekani ilinunua zaidi ya magari 3,000 yaliyobaki, kisha ikaambiwa kwamba kuhamisha taarifa zake kwenda seva nyingine hakuwezekani kiufundi. Fikiria hapo: magari umelipia, chuma kizima, betri nzima, halafu tatizo ni seva. Na wenye magari ya Better Place walibaki na magari mazima huku vituo vya kubadilisha betri vikiwa vimefungwa.

Mimi mwenyewe nimeonja haya kwa udogo. Mama yangu alinunua sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Kampuni siitaji. Alimaliza malipo yote, risiti ninazo. Siku moja taa ikajifunga ikidai namba ya kuifungua. Tukapiga simu, haikushikwa. Paneli ilikuwa nzima, betri nzima, jua la Taveta mnalijua lilivyo, na mama yangu akawasha koroboi. Nilifungua lile boksi nikiwa na kompyuta yangu na majigambo yangu yote, nikashindwa. Siku ile nilielewa kwamba kitu kinachohitaji ruhusa ya seva ya mtu si chako, hata ukiwa na risiti.

Kwa hiyo nimerudi kwa jirani yangu jana jioni na maswali manne ya kumpelekea muuzaji, na ninayaandika hapa kwa yeyote aliye kwenye njia panda hiyo hiyo:

1. Betri ni yangu au ni ya kukodi? Ikiwa ni ya kukodi, kituo cha karibu kiko wapi? Kituo kilicho Mombasa hakimsaidii mtu wa Taveta.
2. Ninaweza kuichaji nyumbani kwenye soketi ya kawaida?
3. Intaneti ikikatika, au kampuni ikifungwa, pikipiki itawaka?
4. Nikichelewa mkopo, nani anaweza kuizima kwa mbali, na nikimaliza mkopo uwezo huo unaondolewa kwa maandishi?

Muuzaji akijibu vizuri yote manne, mimi ningenunua. Akicheka, au akisema "usijali", rudi na petroli yako hadi mwakani.

Nao Kiira nawatakia heri kwa dhati. Jina lenyewe ni la Mto Nile kama unavyoitwa kule Jinja, na ningependa sana siku moja kuliona basi lao likipanda kutoka Mwatate. Lakini wanaowapenda kweli si wale wanaopiga makofi kila uzinduzi. Ni wale wanaowauliza idadi, tarehe na kilomita, kila mwaka, bila kuchoka. Programu isiyoripotiwa hitilafu huwa haina watumiaji.

Jirani yangu alinisikiliza hadi mwisho, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. "Kwa hiyo Injinia, ninunue au nisinunue?"

Nikamwambia aulize kwanza namba tatu. Atanipa jibu Jumatano, siku ya soko. Nitawaeleza.