Mwanya ni Pambo, Pengo ni Pigo

Washairi wa pwani wameusifu mwanya tangu zama za kale. Lakini mimi, niliyeishi na mashairi miaka mingi, sijapata kumsikia malenga akilisifu pengo. Mwanya humea pamoja na meno. Pengo huachwa na kitu kilichokuwapo kikatoka. Na jino, msomaji wangu, haliondoki peke yake. Huenda na utamu wa chakula, na likiwa la mbele huenda na maneno pia.

Nasema haya kwa kuwa nami nimo katika hesabu hiyo. Mwaka jana niling'olewa jino la mbele, la juu, lililooza hata mzizi ukawa hauna dawa. Tangu siku ile, barazani petu kila mtu amekuwa tabibu. Huyu ashauri dhahabu, yule ashauri jino la kupandikiza, na wa tatu asema, "Liache, bwana, umri umekwenda." Wote wana nia njema, lakini naona wote wameanzia katikati ya safari. Swali la kwanza si bei wala urembo. Swali la kwanza ni: jino lililotoka lilikuwa na kazi gani?

Tuanze na magego. Si lazima kila pengo la nyuma lizibwe. Uchunguzi uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mtu aliyebakiwa na meno ya mbele, pamoja na magego machache yanayokutana juu na chini, aweza kutafuna chakula chake vizuri. Kwa hivyo aliyepoteza gego la mwisho asitiwe hofu akauza mbuzi wake. Hata hivyo, kuliacha pengo kuwe ni uamuzi, kusiwe ni kusahau. Jino likitoka, majirani zake huweza kuliinamia pengo, na mwenziwe wa upande wa pili, kwa kukosa wa kukutana naye, huteremka au hupanda. Mfupa wa taya nao hunywea, hasa katika mwaka wa kwanza. Ni vyema daktari atazame, kisha mwenye kinywa aamue akijua.

Meno ya mbele ya juu ni habari nyingine. Aliyekaa chuoni ajua kuwa thaa, dhali na dhaa hutoka pale ncha ya ulimi inapokutana na ncha za meno hayo, na faa hutoka yanapougusa mdomo wa chini. Kiswahili chetu nacho kimejaa sauti hizo: thamani, dhamana, fadhila, hifadhi. Pengo likikaa hapo, pumzi hupenya na herufi hutoka na mluzi. Nilikuwa nikisoma Kurani nikajisikia natoa sini mahali pa thaa. Kwa mtu aliyefunzwa kuipa kila herufi haki yake, hilo si jambo dogo.

Njia za kuziba pengo ni tatu. Ya kwanza ni jino la bandia la kuvaa na kuvua. Hilo ndilo rahisi kwa bei, na huwa tayari kwa muda mfupi. Lataka kuvuliwa usiku, kusuguliwa na kuwekwa ndani ya maji, tena yasiwe ya moto, yasije yakalipinda. Ya pili ni daraja, ambalo halivuliwi. Uzuri wake ni uthabiti. Gharama yake ya siri ni kuwa meno mawili ya jirani huchongwa ili yalibebe. Yakiwa mabovu tayari, si hasara. Yakiwa mazima, umejeruhi wawili kwa ajili ya mmoja aliyekwisha kwenda. Ya tatu ni kupandikiza. Mwaka 1952 mtaalamu wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aligundua kuwa madini ya titani hushikana na mfupa, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza. Jino hilo halimgusi jirani, lakini ni ghali, na aghalabu mfupa huhitaji miezi 3 hadi 6 kulishika. Mvutaji sigara, na mwenye sukari isiyodhibitiwa, huwa katika hatari zaidi ya kulipoteza.

Ama dhahabu, wenzangu hunitajia kisa cha Arfaja bin As'ad, kilichopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Alikatwa pua vitani zama za ujahili, akaweka ya fedha ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Maulamaa wengi wamekifanya kisa hicho kuwa hoja ya kuruhusu jino la dhahabu penye haja. Nakubali. Lakini haja ndiyo iliyoifungua ruhusa hiyo, si kujionyesha. Leo kauri hutengenezwa ikafanana na jino lenyewe, na mwanamume mwenye kutaka kung'ara tu amuulize sheikh wake kabla ya kumwendea sonara.

Wako pia wanaoliogopa jino la kuvua kwa sababu ya udhu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tuyafuatayo wengi wetu huku pwani, kusukutua ni sunna na si katika nguzo za udhu. Jino hilo halimzuii mtu kusali. Akilivua akasukutua, ni usafi na ni bora.

Mimi nimechagua la kuvaa na kuvua, kwa kuwa majirani wa pengo langu ni wazima na sikutaka wachongwe. Mwanangu aliyeko Muscat alitaka kunilipia la kupandikiza. Nilimwambia karo ya wanawe itangulie. Siku za mwanzo mate yalinijaa na ulimi ukapotea njia, basi kila baada ya alfajiri nikawa nasoma Juzuu Amma kwa sauti hadi thaa ikarudi kwao.

La kuogopwa zaidi ni lile jino la uchochoroni, linalogandishwa kwa meno ya jirani lisivuliwe tena. Chakula huoza chini yake, na aliyekuwa na pengo moja huishia na matatu. Kabla ya kufungua kinywa, mtu aulize kama tabibu huyo amesajiliwa na baraza la madaktari.

Sasa nina neno kwa jamaa za misikiti. Twachangishana kwa zulia na mapangaboi, na ni kheri. Lakini mwalimu wa chuo aliyepoteza meno ya mbele, na ambaye mshahara wake haufiki kwa daktari, twamwacha asomeshe hivyo hivyo. Watoto huiga kinywa wanachokiona. Herufi wanayoipokea ikiwa na mluzi, ndiyo watakayoisoma hadi uzeeni. Seremala akivunjikiwa na msumeno twajua kazi imesimama. Meno ya mwalimu ni chombo cha kazi yake, na bei ya jino moja la kuvaa ni ndogo kuliko ya zulia. Mchango ujao, tuanzie kinywani mwake.