Nani Atafundisha Walimu wa Kiingereza?



Sisi wa mwaka wa sita tukiulizana juu ya kazi ya kesho, wengi wanajibu: munganga, avoka. Mimi nikisema ISP Bunia, sehemu ya Kiingereza, ili siku moja nifunze walimu, wanacheka: «Ualimu ni njaa!» Ni kweli, mushahara ni kidogo. Lakini tangu 2022 inchi yetu iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ngambo ya Uganda wazazi wetu wenye biashara wanapewa karatasi za Kiingereza. Mutoto wa Ituri anafikia luga hii akiisha kubeba Kilendu ao Kihema, Kiswahili na Kifaransa. Mwalimu wake anapaswa kujua ile. Nani atamuonyesha, kama si sisi? Tusicheke, tujiandikishe.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6