Hana Imani Huyo

Kuna sentensi moja imenichosha: eti tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Sentensi yenyewe haina ubaya, na Paulo aliisema kwa namna yake. Kinachonichosha ni mahali inapotumika. Mweka hazina kala hela za kikoba cha akina mama. Akiulizwa, anajibu kwamba Bwana ameshamsamehe. Mwenye nyumba ana miezi minne hajamlipa dada wa kazi, lakini Jumapili yuko mbele, maiki mkononi, anatoa ushuhuda. Ukithubutu kuuliza, wapambe wanakurukia: acha kuhukumu, hakuna anayeokolewa kwa matendo! Basi neema imekuwa risiti ya deni ambalo halijalipwa.

Mimi nakataa. Na nakataa kama msomaji, si kama mhubiri, maana ugomvi huu kwa sehemu kubwa ni ugomvi wa kusoma: nani anafika mwisho wa hoja na nani anashukia njiani.

Chukua Waefeso sura ya 2. Mstari wa 8 na wa 9 watu wanaukariri usingizini: wokovu ni zawadi, hautokani na matendo, mtu asije akajivuna. Wa 10 je? Kimya. Na huo ndio unaofunga hoja, kwamba tumeumbwa kwa ajili ya matendo mema ambayo Mungu aliyaandaa kabla. Paulo anayakataa matendo kama bei ya wokovu, kisha hapohapo anayarudisha kama sababu ya sisi kuwepo. Anayeishia mstari wa 9 amemkatiza mzee wa watu katikati ya maneno.

Wakibanwa hapo, hukimbilia kwa Martin Luther. Haya, twende naye. Mwaka 1522 Luther alichapisha Agano Jipya kwa Kijerumani, na katika Warumi 3:28 akatia neno ambalo halimo kwenye Kigiriki: "allein", yaani peke yake. Wapinzani wakamshukia. Mwaka 1530 akawajibu kwa barua ndefu kuhusu kazi ya kutafsiri. Alitetea mafundisho yake, lakini alitetea na lugha pia: Kijerumani kinalidai neno hilo, akasema, na mfasiri anayetaka kujua watu wanavyosema aende akamsikilize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni.

Hiyo ni hoja ya mtu anayeijua lugha yake, na nitairudia. Kwanza tumalizane na Luther. Mwaka huohuo wa 1522, katika utangulizi wake wa Warumi, aliandika kwamba imani ni kitu hai chenye shughuli nyingi, na kwamba kuitenga na matendo ni kama kuutenga moto na joto lake. Huyo ndiye bingwa wa "imani peke yake" wanayemtaja! Ni kweli kwamba Waraka wa Yakobo ulimkera. Aliulinganisha na majani makavu, maneno ambayo baadaye aliyaondoa kwenye utangulizi wake. Unajua ulimkera kwa nini? Kwa sababu katika Agano Jipya lote, maneno "imani peke yake" yanapatikana mahali pamoja tu, Yakobo 2:24, na pale yanakanushwa. Hata hivyo Luther hakuuchomoa waraka huo. Aliuweka mwishomwishoni, lakini ulibaki ndani ya kitabu.

Sasa tufuate ushauri wake, twende sokoni. Si soko la Wittenberg. Twende Kariakoo, twende Kongowea. Neno "imani" limetokana na Kiarabu, na lilikuwa pwani hii kabla Ludwig Krapf hajatia mguu Mombasa mwaka 1844. Watafsiri wa Biblia hawakuliunda, walilikuta. Na lilikuwa na maana ngapi mdomoni mwa watu? Si moja. Mtu akimtandika mtoto kama anapiga nyoka, muuza nyanya anasemaje? "Hana imani huyo!" Hasemi kwamba jamaa haijui Kanuni ya Imani. Anasema hana huruma, hana utu. Mwizi akiona machozi ya bibi kizee akamrudishia pochi yake, tunasema ameingiwa na imani. Ombaomba anasema, "Nionee imani, mwanangu."

Mnaona? Kijerumani cha Luther kilihitaji neno la ziada. Kiswahili kimefanya kazi nyingine: neno lilelile tunalotumia kwa kumwamini Mungu ndilo tunalotumia kwa kumhurumia mtu. Mswahili akisema "mtu wa imani", huwezi kujua kama anasifu sala zake au mkono wake, na mara nyingi anasifu vyote viwili. Wanatheolojia watasema hiyo ni bahati ya kamusi, si hoja. Inawezekana. Lakini mlokole anayekula mshahara wa dada wa kazi hawezi kujitetea kwa Kiswahili bila lugha kumsuta. Anasema ana imani, na mtaa mzima unasema hana.

Msinisome vibaya. Sisemi kwamba mbingu inanunuliwa. Biashara hiyo ipo, na mimi siipendi kuliko hata hiyo ya kwanza. Mwaka 1517 Luther aliandika hoja 95 kwa sababu watu walikuwa wakiuziwa vyeti vya rehema, na sehemu ya fedha ikijenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Leo vyeti vimebadilika sura tu: panda mbegu, nunua mafuta ya upako, nunua maji. Na ajabu ni kwamba muuzaji na yule mla hela za kikoba hukaa kwenye kanisa moja bila kugombana. Mmoja anasema matendo hayahitajiki, mwingine anasema leta noti, na wote wawili hawamdai mtu haki kwa jirani yake. Wamekubaliana pale panapowafaa.

Hadithi ya Zakayo, Luka 19, inawajibu wote. Isome kama unavyosoma hadithi yoyote nzuri, angalia mpangilio wa matukio. Yesu anamwita mtoza ushuru ashuke mtini na kumwambia atashinda kwake, kabla Zakayo hajaahidi hata senti. Hiyo ni neema, haikulipiwa. Kisha Zakayo anasimama: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa anarudishiwa mara nne. Baada ya hapo ndipo Yesu anatangaza kwamba wokovu umefika nyumbani humo. Luka angeweza kulitanguliza tangazo hilo, lakini hakufanya hivyo.

"Na mwizi wa msalabani je?" Najua mnalo hilo mkononi. Mtu amepigiliwa misumari, angefanya tendo gani? Msomeni tena. Alimkemea mwenzake na kumtetea hadharani mtu asiye na hatia wakati umati ulikuwa ukimzomea. Kilichobaki huru mwilini mwake ni mdomo, naye akautumia kutenda haki. Mweka hazina wetu mikono yake haina msumari.

Hata neno "mlokole" linawashtaki wanaolivaa hivyo. Lilitoka Uganda, likasambaa na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Kenya na Tanganyika. Walokole wa mwanzo walijulikana kwa jambo zito: waliungama hadharani, kisha wakarudisha walichoiba, wakalipa madeni, wakaomba radhi waliowakosea. Kuokoka kulikuwa na gharama, na waliodhulumiwa ndio waliokuwa wa kwanza kujua kwamba fulani ameokoka.

Nchi hiyohiyo, Aprili 1994, ilitufundisha upande wa pili. Huko Nyange watu waliokimbilia kanisani waliangushiwa kanisa lenyewe kwa tingatinga. Padri wa parokia, Athanase Seromba, alishtakiwa Arusha kwenye mahakama ya kimataifa, na mwaka 2008 rufaa ilimpa kifungo cha maisha. Mchungaji Msabato Elizaphan Ntakirutimana alitiwa hatiani hapohapo Arusha mwaka 2003. Mkatoliki na Mprotestanti. Mmoja alilelewa katika kanisa linalosemwa kwamba linasisitiza matendo, mwingine katika mapokeo yanayosisitiza imani. Fomula ya theolojia haikumlinda mtu yeyote aliyekuwa ndani ya kanisa lile. Waliookoka miezi ile waliokolewa na watu walioingiwa na imani, kwa maana ya sokoni, wakawaficha darini na mashambani.

Ndiyo maana nashangaa tunapoendelea kurushiana mistari kama vile vita bado ni vya karne ya 16. Wenye vita wenyewe walishaketi. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja: tunapokelewa na Mungu kwa neema, si kwa stahili yetu, na neema hiyo hutuwezesha na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Waliobaki uwanjani ni wale wanaofaidika na ugomvi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akikuambia ameokoka kwa neema, usibishane naye. Mwambie amina. Halafu muulize dada wa kazi analipwa lini, na hela za akina mama ziko wapi. Akikujibu kwa mstari wa 8 na wa 9, msomee wa 10. Akikasirika, nenda kawaulize akina mama wa kikoba kama ana imani. Wao wanakijua Kiswahili.