Maua ya chupa yasipakwe rangi

Mhariri,

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania Juni 1, 2019 haikugusa chupa za soda na maji, na bado zimejaa majumbani. Kuzigeuza maua ya sebuleni ni jambo jema. Ninachopinga ni rangi ya mafuta na gundi. Chupa safi ina mnunuzi: waokotaji huiuza kwa kilo, ikasagwa na kuyeyushwa upya. Ikishapakwa rangi na kubandikwa shanga, nani ataitaka? Pambo likichakaa, safari yake ni jalalani. Watasema bila rangi halipendezi. Mbona kitako cha chupa ya soda kina petali tano tayari! Kikate kwa mkasi, chora mishipa kwa msumari butu, funga kwa waya unaofunguka.

Msomaji,
Dar es Salaam